Saini Niliyomwekea Fundi

Nilifika Bukavu siku ya tisa tangu nitoke Kalemie. Bato nililopanda, boti ya mizigo ya ziwani, lilikuwa limejaa samaki wakavu na mifuko ya saruji, na injini yake ilizimika mara tatu kabla hatujaona vilima vya Uvira. Kutoka hapo nilipata nafasi juu ya lori la mihogo. Sange tulikwama siku mbili. Mvua ilikuwa imekata barabara mbele yetu, na dereva aliapa kwamba hatasogea mpaka aone kwa macho yake gari linalotoka upande wa pili. Tukakaa chini ya turubai tukitafuna mahindi ya kuchoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapeleka kuku sokoni akaniuliza naenda kwa nani Bukavu. Nikamjibu siendi kwa mtu.

"We papa," akasema, "mutu haendake tu vile. Ata hii kuku iko na mahali inaenda."

Lori zima likacheka, nami nikacheka nao. Kwenye kona za Ngomo tulishushwa, tukapanda mlima kwa miguu nyuma ya lori, kila mwanamume ameshika jiwe la kuweka chini ya gurudumu injini ikishindwa. Ndivyo nilivyoingia mjini, nimelowa, mikono myekundu kwa udongo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, ndani ya mfuko wa plastiki, na tabia ya kuondoka. Nilikuwa nimeondoka Kongolo, nikaondoka Kindu, nikaondoka Kalemie, na kila mara nilianza kuupenda mji baada ya kuupa mgongo. Bukavu nilikusudia kupumzika wiki moja. Nilikaa miaka minane.

Aliyenipa kazi ndiye aliyenipa na chumba. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa Katana, amepita miaka hamsini, na atelye yake, karakana yake, ilikuwa kando ya barabara Kadutu, mabati juu na pande mbili wazi. Milango na viti vilipangwa mbele. Masanduku ya maiti yalikaa nyuma, kwa sababu, alisema, mtu anayekuja kununua kitanda cha arusi hapendi kuonyeshwa mwisho wa safari. Kati ya paa mbili za jirani ulionekana ukanda mwembamba wa ziwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya verni, ile dawa ya kung'arisha mbao, naliona ziwa lile, bluu asubuhi, kama bati saa sita.

Kwa sababu ya diplôme aliniita Mwalimu, na hakuniita hivyo kwa heshima.

"Mwalimu, hii mbao haisomake kitabu. Piga musasa."

Nilipiga msasa. Jioni nilikula kwao, bugali na sambaza, dagaa wa ziwa lile, pamoja na mke wake, ambaye sote tulimwita Maman, na watoto wao wanne. Baada ya mwaka nilikuwa mtu wa nyumba ile. Nilimwandikia fundi barua zake zote, maana yeye aliacha shule mwaka wa nne wa msingi. Saini yake ilikuwa herufi tatu zilizoegemeana kama wazee wanaotoka kunywa.

Lazima nieleze jambo la salongo, kwa sababu balaa lilitoka humo. Jumamosi asubuhi mtaa wetu ulifungwa kwa ajili ya kazi za pamoja: kuzibua mifereji, kufyeka majani, kuokota takataka. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake au koleo. Chef d'avenue, mkubwa wa mtaa, alipita na daftari lenye majina ya wenye nyumba. Akiita jina la fundi, na fundi ana sanduku la watu la kumaliza, mimi niliitika "Présent!" na kusaini mbele ya jina lake. Kilichotafutwa kilikuwa nyumba. Ukimtuma mdogo wako, nyumba imefika. Ukimtuma mpangaji, nyumba imefika. Kwa miaka mingi nilisaini jina la fundi siku za salongo, na hakuna aliyewahi kuona uongo ndani yake, hata padri aliyekuwa jirani yetu.

Mwaka wangu wa saba, fundi alinunua mbao nyekundu kwa mtu tuliyemjua, na mbao zikatambuliwa kuwa zimeibwa kwenye jengo lililokuwa linajengwa. Aliyeziuza alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Fundi akafungwa wiki sita. Kisha hakimu akampa liberté provisoire, uhuru wa muda wa kungojea kesi akiwa nyumbani. Karatasi ilikuwa na masharti mawili. Afike parquet, ofisi ya waendesha mashtaka, kila Jumanne na kila Ijumaa kusaini kwenye rejista. Na asitoke nje ya mji bila ruhusa ya maandishi.

Miezi saba hakukosa hata mara moja. Siku hizo mbili aliosha miguu, akavaa shati la misa, akashuka mapema kuliko makarani wenyewe. Aliogopa gereza kuliko nilivyopata kumwona mtu akiogopa kitu chochote. Hakulisimulia. Alisema tu kwamba mle ndani watu walilala kwa zamu.

Alhamisi moja mdogo wake alipiga simu kutoka Katana. Mama yao alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, hasemi tena, ila anamtafuta kwa macho mtoto wake wa kwanza. Fundi akaweka randa chini. Tukashuka wote wawili mpaka parquet kuomba ruhusa. Mwendesha mashtaka alikuwa safarini kikazi.

"Murudi siku ya kwanza," karani akasema, yaani Jumatatu.

"Siku ya kwanza mama atakuwa ameisha kufa," fundi akamwambia.

"Basi muandike barua. Miye si Mungu, papa."

Niliandika pale pale, karatasi juu ya goti. Karani aliipokea, akaiingiza chini ya rundo. Sikudai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mimi, niliyesoma. Kwetu kila mtu anajua kwamba barua isiyo na muhuri huo ni kama haikuandikwa, na mimi nilitoka pale nikimwambia fundi kwamba tumefanya kama sheria inavyotaka.

Ijumaa alfajiri akaondoka kwenda Katana. Alinipa maagizo huku amekwisha kupanda moto, pikipiki ya abiria.

"Ufike pale, ubaambie fundi ameenda kwa mama yake, barua iko kwabo. Ubaambie tu. Umesikia, Mwalimu?"

Nikasikia. Nilifika saa tatu. Msururu ulikuwa mrefu, ukumbi una joto, na karani wa rejista, si yule aliyepokea barua, aliita majina bila kuinua kichwa. Alipoita la fundi nikasogea.

"Mheshimiwa, fundi ame—"

"Saini."

"Nilitaka kueleza kwamba—"

"Unaona batu benye biko nyuma yako? Saini, upite."

Akanisukumia rejista. Kalamu ilikuwa imefungwa kamba. Ningependa kuandika hapa kwamba nililazimishwa, lakini karani hakujua hata mimi ni nani. Jina liliitwa, daftari lilikuwa mbele yangu, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya Jumamosi zote zile. Nyumba imefika. Nilisaini jina zima la fundi, kwa mwandiko mzuri, na nikatoka nje nimefurahi kwamba nimemwokolea siku yake.

Fundi alirudi Jumatatu, kichwa kimenyolewa. Mama alikufa Jumamosi asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, na walimzika Jumapili. Alikuwa na karatasi ya kifo kutoka hospitali, ameikunja ndani ya kitabu cha sala. Nilimsimulia ya Ijumaa kwa kujisifu kidogo.

"Ulisaini namna gani?"

"Jina lako."

"Na ile mwandiko yako ya kizungu?"

"Ndiyo."

Akacheka, nikaona hacheki kwa furaha. "Batasema fundi amepata diplôme kule Katana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwambia kesho nitashuka naye, niseme wazi kwamba ni mimi. Akakataa. Ukijitaja, alisema, watakuita mtu aliyeghushi, na wewe huna ndugu hapa wa kukuletea chakula. Tungoje tuone. Mimi nikakubali haraka. Leo naikumbuka haraka ile kuliko maneno yake.

Jumanne alisaini, hakuna kitu. Ijumaa akakuta polisi wawili na karatasi. Saini mbili kwenye ukurasa mmoja hazikufanana, na mtoto wa miaka sita angeona. Walimsomea karatasi kwa Kifaransa, amesimama kwenye korido, akaambiwa asaini kwamba ameisikia. Hakupewa nakala. Saa tisa ya mchana alikuwa tena ndani ya gereza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Ofisi zote zimefungwa, tukasema tungoje Jumatatu. Maman alipika chakula cha kupeleka gerezani, nami nikachukua koleo nikaenda salongo, tukachimba mfereji ulioziba chini ya ngazi za kanisa. Chef d'avenue akaita jina la fundi. Nikaitika. Ilikuwa karibu saa nne, na mimi nilikuwa ndani ya matope mpaka magotini nikifikiri kwamba nangoja.

Jumatatu nilikwenda mahakamani. Kwenye ofisi ya makarani kulikuwa na mwanamke mmoja wa rika langu, miwani imeshuka puani, aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza fundi alirudishwa ndani saa ngapi.

"Ijumaa, saa tisa."

"Na alipinga?"

"Kupinga namna gani?"

Akavua miwani. "Papa, mutu mwenye kunyang'anywa liberté provisoire, kama anasema hakuvunja masharti, iko na saa makumi mbili na ine za kuandikia hakimu mwenye alimuachilia. Sheria inasema vile. Hawakumwambia?"

"Hawakumwambia."

"Haki yake iliisha siku ya posho, saa tisa."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Nilimuuliza mtu anawezaje kutumia Jumamosi haki ambayo hakuambiwa Ijumaa, katika ofisi ambayo imefungwa. Hakukasirika. Alitazama dirishani kidogo, akasema yeye hupokea barua, hatungi sheria. Halafu akanipa karatasi nyeupe. "Uandike tu. Hakimu huyu si mubaya. Ataona."

Niliandika kurasa mbili, mwandiko wangu bora kuliko wote. Nilieleza mama, hospitali, barua iliyoachwa chini ya rundo, Kifaransa kilichosomwa kwenye korido, Jumamosi. Na nilipofika kwenye saini, kalamu ilisimama. Nikaandika: mtu mwingine alisaini kwa kutoelewa. Mtu mwingine. Nilijisemea kwamba mbele ya hakimu, nitakapoitwa, nitasimama na kusema ni mimi. Safari hii nilidai muhuri.

Hakimu alikubali kumsikiliza, ingawa saa zilikwisha. Tulifurahi kama watu waliokwisha kushinda. Tulipata mwanasheria kijana aliyekuwa akisaidia maskini bila malipo, akasoma kurasa zangu, akasema ana mambo matatu ya kumwambia hakimu na yote matatu ni mazito. Siku ikapangwa, Alhamisi, saa tatu.

Nilifika saa mbili kasoro, na karatasi ya kifo ndani ya bahasha. Maman alibaki nyumbani na mtoto mwenye homa. Saa tatu kasorobo wakamleta fundi, miguu mitupu, bado na shati la misa, limegeuka rangi. Alinikonyeza jicho. Wakamwingiza moja kwa moja.

Nikamfuata. Polisi wa mlangoni akaweka mkono kifuani pangu.

"Unaenda wapi?"

"Miye ni shahidi. Na saa bado, mwanasheria anakuja saa tatu."

"Humu ni chambre du conseil, papa, si misa. Haingiake kila mutu. Bakikuhitaji batakuita."

"Nina karatasi ya kumpa hakimu."

"Ikae kwako kwanza."

Mlango haukufunga vizuri. Fremu ilikuwa imevimba kwa unyevu. Kazi mbaya, fundi angeicheka. Nilikaa kwenye benchi lililoshikamana na mlango, na nikasikia karibu kila neno.

Sauti ya hakimu haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliye na mafaili mengi asubuhi ile.

"Hii saini ya Ijumaa iko yako?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi siku ile hukufika."

"Nilikuwa Katana, mheshimiwa. Mama yangu alikufa."

"Pole. Uliomba ruhusa?"

"Tuliacha barua."

"Iko na muhuri wa kupokelewa?"

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Mwendesha mashtaka, sauti nyingine, akasema kwamba barua hiyo haimo ndani ya faili.

"Hapa mumeandika mutu mwingine alisaini. Huyu mutu ni nani?" hakimu akauliza.

Nilisimama. Bahasha ilianguka, sikuiokota. Kati ya mkono wangu na mlango palikuwa na hatua moja, na polisi alikuwa ametazama upande wa ua, akiongea na mwenzake habari za mpira. Ningeweza kuusukuma. Ningeweza kuita tu, ni miye, mheshimiwa, niko hapa. Nilisikia fundi akikohoa. Kisha nikasikia:

"Sijue, mheshimiwa."

"Hujue mutu mwenye alisaini jina lako?"

"Sijue."

Nikakaa tena kwenye benchi. Sina maelezo mengine ya kuongeza, nimeyatafuta miaka yote hii.

Haikuchukua muda mrefu kuliko kunywa chai. Mwanasheria alifika saa tatu kamili, joho lake ndani ya mfuko, akitokwa na jasho kwa kupanda mlima. Alimkuta fundi anatolewa. Aliuliza kwa nini wameanza kabla ya saa, akaambiwa hakimu alikuwa na kikao kingine. Akaomba aonyeshwe ukurasa wa rejista ambao fundi hakuonyeshwa kabla ya kuulizwa. Akaambiwa aandike. Uhuru wa muda ulikuwa umeondolewa kwa sababu mshtakiwa hakufika, na kwa sababu alificha jina la mwenzake.

Jumapili nilimpelekea chakula. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa anakula haraka, kama wanavyokula wote mle.

"Ningekutaja tungekuwa babili humu. Nani angebaki na atelye? Maman na batoto bangekula nini?"

"Ningesema mwenyewe. Nilikuwa mlangoni."

"Najua," akasema. "Nilikuona viatu chini ya mulango."

Hakusema kwa lawama. Akaniuliza kama nimemaliza viti vya shule, na kama nimekumbuka kugeuza mbao zisipinde.

Sikuweza kushika atelye. Mimi ni mtu wa msasa na verni. Mlango wangu mmoja ulirudishwa mara mbili, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kesi yenyewe, ile ya mbao, iliahirishwa kwa sababu hakimu hayupo, kisha kwa sababu mwenye jengo hayupo, kisha faili halikuonekana. Fundi alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuisha. Nilikwenda kwa mwendesha mashtaka kujitaja. Alikuwa mwingine, mgeni. Yule wa kwanza alihamishwa. Alinisikiliza amesimama.

"Hilo jambo la saini lilikwisha kukatwa," akasema. "Unataka tukufunge na weye? Itamusaidia nini? Rudi nyumbani, papa."

Nikarudi nyumbani. Mara hiyo pia nilifanya haraka.

Mwaka ulipozunguka, fundi akiwa bado ndani, Maman alifunga vitu kuwapeleka watoto Katana, kwenye nyumba ya marehemu mama mkwe. Asubuhi ile alikuwa amekaa juu ya gunia, anangoja gari. Hakuwa ameniuliza lolote tangu siku ya hakimu. Akasema bila kunitazama:

"Weye hapa unabaki juu ya nini? Kama uko na kitu ya kusema, ukaiseme. Kama haiko, uende."

Gari likaja, nikapakia magunia, nikawapungia watoto mkono. Siku nne nilikaa peke yangu ndani ya nyumba ile. Siku ya tano niliandika yote, tangu salongo mpaka benchi, na jina langu zima chini. Nikampelekea yule karani mwanamke wa mahakamani. Alisoma taratibu, akarudia ukurasa wa mwisho.

"Hii ingekuja mbele, siku ile ya hakimu," akasema.

"Najua."

"Nitaiweka mu faili. Lakini karatasi peke yake haina nguvu, lazima hakimu akusikie kwa kinywa. Unaishi wapi?"

Nikampa anwani ya fundi.

"Tukikuita, utapatikana pale?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na simu?"

Nikamwandikia nambari, wazi, kila tarakimu peke yake. Akagonga muhuri, akanipa nakala. Nilishuka kwa miguu mpaka bandarini, na bato la Goma lilikuwa linakaribia kujaa. Nilikuwa nimeacha ufunguo kwa chef d'avenue asubuhi, kabla hata ya kwenda mahakamani. Tulipopita mbele ya Katana nilikaa upande wa pili, unaotazama kisiwa cha Idjwi.

Goma nilinunua kadi nyingine ya simu.